Kidude Changu, Ramani ya Elibariki, na Njia ya Nyuma ya Meru

Kila nikiingia kunywa chai hapa Kaloleni, mmoja wenu ananiuliza kwa sauti na wengine wananyamaza ili wasikie. Ati ni kweli Baba Happy alitumia siku tatu kuuzunguka mlima anaouona kila asubuhi akifungua dirisha? Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimekaa nikaandika yote. Mkimaliza kusoma mpeane, asiyesoma asomewe, halafu tuzungumze mambo mengine.

Lakini kwanza mkumbuke anayeandika ni nani. Darasa la nne lilinitosha. Nilishuka kutoka Machame na shati moja, nikasukuma mkokoteni mitaa hii hii, na leo nina Fuso tatu. Nimeendesha mpaka Lubumbashi, nimeendesha mpaka Kigali, na mlima wa Kitonga nimeupanda na mzigo wa saruji huku nakula muhogo. Kwa hiyo yaliyonipata nyuma ya Meru msiyachukulie kama yamempata mtu wa hivi hivi.

Kaloleni mpaka Usa River

Mnajua biashara ilivyofunguka miaka hii. Zamani lori lilikuwa la ushirika au la shirika la umma, na mwenye mzigo alisubiri kwa adabu. Siku hizi kila meli inashusha Fuso za mitumba toka Japani, na mteja anakuuliza usoni umemzidi nini mwenzako. Nikaamua mimi nitawazidi kwa setilaiti.

Kidude nilikipata Njiro, kwenye mnada wa vyombo vya mzungu mmoja mtafiti aliyekuwa anarudi kwao. Wenzangu waligombania friji. Mimi nikaona kitu kidogo cheusi, ukubwa wa simu nene, kina kioo cha kijivu na mshale. Mlinzi wake akaniambia, "Hiyo ni GPS, mzee. Yule bwana alikuwa nayo huko nyuma ya Meru miaka miwili, ina njia zote za huko." Nikaiwasha, nikaona kweli mstari mwembamba umejipinda kutoka Ngare Nanyuki kwenda upande wa Oldonyo Sambu. Nikanunua kabla hajabadili mawazo.

Sasa Elibariki. Wengi mnamjua, Mmeru wa Poli, dereva wangu wa kwanza, miaka kumi na minane tuko pamoja. Huyu ana ramani ya karatasi. Imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu, na nyuma ameibandika plasta za vidonda. Nilimnunulia mimi mwenyewe tulipoanza kazi, na tangu siku hiyo hajawahi kupeleka mzigo mahali pasipo pake. Nilipomwonyesha kidude alikigeuza geuza kama mtu anayekagua embe.

"Bosi, hiki kinajua daraja lipi limekatika?"

"Kinaongea na setilaiti, Elibariki. Setilaiti iko juu, inaona kila kitu."

"Hata mimi nikipanda Meru naona kila kitu. Ila matope siyaoni."

Watu walicheka, na mimi nikichekwa mbele ya watu huwa nasema maneno. Tulikuwa na mzigo wa Mama Anande wa Usa River, miche ya nyanya na miti ya kuisimikia, ya kupeleka shambani kwake Olkeju, kijiji kilichopata bomba la maji juzi juzi huko nyuma ya mlima. Mimi na Elibariki hatujawahi kufika. Nikasema mzigo tunaugawa malori mawili. Yeye na karatasi yake, mimi na setilaiti yangu. Akitangulia yeye, aendelee na kazi. Nikitangulia mimi, anikabidhi funguo akapumzike, niajiri dereva anayejua kubonyeza.

"Na ukishindwa wewe?" akauliza mama anayetuuzia chai.

"Nishindwe na nani?"

Elibariki alikunja ramani yake polepole, akaitia mfukoni. "Sawa, bosi." Ana miaka hamsini na ushee, na mnajua dereva wa umri huo akishushwa kwenye lori hapati lingine. Mimi nililijua hilo wakati nasema, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mimi si mtu wa kumeza maneno.

Usa River mpaka Ngare Nanyuki

Alhamisi asubuhi tulipakia. Mama Anande ni mjane mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha kwaya. Miche ilikuwa imeng'olewa alfajiri, imefungwa vifurushi kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa, imepangwa kwenye kreti.

"Hii inavumilia siku mbili," alituambia. "Siku ya tatu ni mboga."

"Mama, saa nane mchana utakuwa unapanda," nikamwambia.

Akaamua kupanda lori langu, maana nilikuwa na maneno ya uhakika zaidi. Nikamwuliza njia ya Olkeju anaijua kiasi gani. Akasema shemeji yake alimpeleka mara moja na Land Rover, amekaa nyuma, amejifunika kanga usoni kwa ajili ya vumbi safari nzima. "Najua vumbi lake tu," alisema.

Elibariki alikunja kushoto kurudi Arusha mjini, apite barabara ya Namanga. Hajafika mbali nikamwona kwenye kioo amesimama, ameshuka, ametandaza ramani juu ya boneti na watu watano wamemzunguka. Nikamwambia Mama Anande, "Umeona? Hata Usa hajatoka, kashapotea." Tulicheka mpaka kwenye geti la hifadhi ya wanyama.

Ngare Nanyuki nilifika mapema mno, nikaona si vibaya kula. Tulikula mtori kwa nyama, nikawaeleza waliokuwepo habari za setilaiti. Nilieleza vizuri mpaka betri za kidude zikaisha. Dukani zilikuwepo za tochi tu, nene kama vidole gumba. Mama Anande alifungua redio yake ndogo aliyoibeba kwa ajili ya kusikiliza mahubiri, akatoa mbili, akanipa kwa unyonge.

"Nitakosa neno la jioni," alisema.

"Jioni utakuwa Olkeju unasikiliza la wenyeji."

Mwenye hoteli akasema kuna njia kubwa ya magari ya viazi, inapita Uwiro. Nikamwonyesha kioo. Mstari wangu haukupita huko, ulikata moja kwa moja porini. "Mzungu alikaa huku miaka miwili na mashine," nikamwambia. "Unadhani hakujua njia ya mkato?" Yule bwana aliutazama mstari, akanitazama, akachukua sahani zake.

Ngare Nanyuki mpaka mjini

Nikaacha barabara nikaufuata mstari. Mwanzo ulikuwa mzuri. Njia nyembamba lakini imara, imekanyagwa, na kidude kikawa kinaonyesha tuko juu ya mstari kabisa. Nikampa Mama Anande akishike, nikamfundisha kusema "kushoto" na "kulia". Alizoea haraka kuliko nilivyopenda.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba mstari ulitupeleka mpaka kwenye dimbwi, ukaingia ndani ya dimbwi, ukatoka upande wa pili.

"Hapa kinasema nyoosha," akasema Mama Anande.

"Mstari utakuwa umechukuliwa kiangazi," nikasema, nikazunguka.

Jambo la pili ni mlima. Mtu anayetoka Ngare Nanyuki kwenda Oldonyo Sambu anatakiwa awe na Meru mkono wa kushoto, hata mtoto anajua. Sisi tulikuwa nao kushoto, halafu mbele, halafu kulia, halafu tukauacha mgongoni kabisa tukawa tunaitazama Kilimanjaro. Kisha ukarudi kushoto. Mama Anande alianza kuimba taratibu wimbo wa safari ya mbinguni. Nikamwomba aimbe mwingine.

Halafu akanyamaza, akakisogeza kidude karibu na macho. "Baba Happy, mbele kuna mji."

Nikasimamisha lori nikaangalia. Kweli. Mbele yetu mstari ulijikusanya, ukawa mistari mingi, inakatana, inazunguka, imesongamana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Mahali penye njia nyingi hivyo ni nini kama si mji? Nikamweleza kwamba hapo lazima kuna stendi, soko, na nyumba ya kulala wageni. Yeye akasema angependa chai ya tangawizi. Mimi nikasema nitaagiza nusu kuku. Tukaenda kwa furaha, nikachana nywele kwenye kioo.

Kidude kikasema tumefika katikati ya mji. Tulikuwa chini ya mgunga mmoja mkubwa. Chini yake kulikuwa na kivuli na samadi. Nikashuka, nikauzunguka mti. Nyuma yake kulikuwa na samadi nyingine.

Mama Anande alishuka naye, akaangalia huku na huku. "Stendi iko wapi?"

Nilikuwa napiga kidude kwenye kiganja.

Jioni ikatukuta hapo hapo, maana tairi la nyuma lilichomwa na miiba miwili na nilibadilisha peke yangu. Tulikula ndizi mbivu. Mama Anande alichukua dumu letu la maji ya kunywa, akapanda kwenye bodi, akainyunyizia miche yote mpaka dumu likalia tupu. Nikamwambia na sisi tuna koo. Akaniambia sisi hatujafungwa kwa majani ya migomba. Yeye alilala kwenye kabini, mimi nikalala juu ya miti ya nyanya, na kama mnataka kujua ikoje, ni kama kulala juu ya ngazi.

Bomani kwa Mzee Loishiye

Ijumaa tulizunguka. Sitaeleza yote. Tulirudi kwenye dimbwi lile lile, safari hii kwa upande mwingine, halafu tukapelekwa kwenye udongo mweupe wa chumvi, halafu kwenye dimbwi tena. Mama Anande alikuwa haongei na mimi. Alikuwa anaongea na Mungu, lakini kwa sauti ya kunitosha.

Karibu na saa kumi mstari ukanyooka vizuri kabisa, wa kwanza kunyooka tangu jana, ukatuingiza moja kwa moja kwenye mlango wa boma la miiba. Sikusimama nje. Kidude kilisema ndani, nikaingia ndani. Kuku walitawanyika, wanawake wakatoka, na mzee mmoja mrefu mwenye shuka la samawati akasimama mbele ya Fuso yangu kama anasimamisha ng'ombe.

"Shikamoo mzee. Olkeju ni wapi?"

"Marahaba. Shuka."

"Tuna haraka mzee, tuna miche."

"Shuka, Mangi. Mimi sijajua unatoka wapi, nitajuaje unakwenda wapi?" Mchaga popote anaitwa Mangi, lafudhi ilikuwa imenitangulia.

Tukashuka. Kwa wale watu habari hazikatizwi. Tulikalishwa, akauliza za nyumbani kwangu, mvua za Machame, ng'ombe wangu wangapi, nikasema sina ng'ombe nina Fuso, akanipa pole. Mama Anande alitoa habari zake, wake za mzee wakatoa za kwao. Tukaletewa loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, bakuli moja kila mtu. Nilikula langu, nikatazama la Mama Anande. Ni baada ya yote hayo Mzee Loishiye, maana ndilo jina lake, aliponiuliza kilichonileta kwenye boma lake kwa njia ambayo gari halijawahi kupita.

Nikatoa kidude kwa fahari iliyobaki. Akakichukua. Akakinusa. Kisha akawaita wake zake kwa Kimaasai, wakaja mbio, wakakitazama, na boma lote likaanza kucheka. Mke mdogo alikaa chini.

"Mangi," alisema mzee akifuta macho, "hiki kilikaa kwenye shingo ya ng'ombe wangu."

Akanieleza. Mzungu yule alikuwa anatafiti malisho, anataka kujua ng'ombe wanakwenda wapi kiangazi. Badala ya kuwafuata, alikitia kidude kwenye mfuko wa ngozi, akamfunga shingoni Narok, ng'ombe mweusi anayeongoza wenzake. Ng'ombe akaenda kazini, mzungu akabaki bomani anakunywa maziwa. Ule mstari wangu ulikuwa ni siku za Narok. Dimbwi ni alipokunywa. Udongo mweupe ni aliporamba chumvi. Na ule mji wenye stendi ni kivuli alicholala mchana akicheua, akigeuka mara upande huu, mara upande ule.

"Yuko hapa huyo ng'ombe?" nikauliza.

"Ndiye huyo nyuma yako."

Nikageuka. Mimi niliyefika Lubumbashi nikatazamana na dereva wangu. Alikuwa anatafuna, hana wasiwasi.

Mama Anande alikuwa wa mwisho kucheka na wa mwisho kunyamaza. Halafu akakumbuka miche. Wake za mzee walileta maji na majani mabichi, wakaifungua yote kifurushi kimoja kimoja, wakaifunga upya. Ilikuwa imelegea lakini haijafa. Nikamwomba mzee atuonyeshe njia hapo hapo. Akasema ng'ombe wanarudi, hatoki mtu mpaka wahesabiwe, na wakishahesabiwa giza limeingia. Tukalala. Asubuhi ikabidi tuagwe na boma zima mmoja mmoja, na kuaga kwao ni sawa na kusalimia kwao.

Olkeju

Jumamosi mzee mwenyewe alipanda katikati yetu na fimbo yake. Njia ilikuwa ya saa moja na nusu. Lakini ilibidi tusimame kila boma akatoe habari zetu, na kila boma walitaka kumwona aliyemfuata Narok. Saa nane tukafika.

Fuso ya Elibariki ilikuwa imeegeshwa vizuri chini ya tangi la maji, imeoshwa. Nusu ya shamba la Mama Anande ilikuwa na miche imesimama kwenye mistari, imenyweshewa. Elibariki alikuwa amefika Alhamisi saa kumi. Wakulima kama kumi hivi walikuwa wamekaa naye, ramani imetandazwa kwenye boneti.

Hakunicheka. Alikuja akatusaidia kushusha kreti, akawaita watu, wakaanza kupanda miche yetu jua likiwa bado kali, kila mche na kopo lake la maji. Tulipoteza kama robo. Mama Anande aliihesabu iliyokufa kwa macho tu, akaniangalia, akaenda kushika jembe.

Mimi nilikwenda kwenye boneti. Nilitaka kuona karatasi iliyonishinda. Nikaitafuta Arusha, siioni. Nikautafuta Meru, haupo. Nikaona maji mengi, nikasoma kwa shida: Ziwa Nyasa.

"Elibariki. Hii ni ramani ya Mbeya."

"Naijua, bosi. Ndiyo uliyoninunulia."

"Miaka kumi na minane?"

"Kumi na minane."

Nikamwuliza amefikaje. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtu kubadilisha gia. Dereva akisimama kuuliza njia, watu wanamjibu kwa mkono, pale mbele, na wanaendelea na yao. Akiwa na ramani nzuri, wanamwacha aisome. Lakini akitandaza ramani mbaya, akaweka kidole kwenye Kyela akasema Oldonyo Sambu si ndiyo hii hapa, hakuna mwanamume atakayevumilia. Watakuja wote. Watabishana, mmoja atachora chini kwa kijiti, mwingine atakumbuka daraja lililokatika juzi, wa tatu atapanda gari mpaka njia panda ahakikishe. "Watu hawapendi kuulizwa," alisema. "Wanapenda kusahihisha."

Nikaona hapo nina pa kutokea. Nikasema basi hukutumia ramani, na mashindano yalikuwa ya ramani, kwa hiyo hakuna mshindi.

Elibariki alinitazama kidogo. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za Fuso, akaziweka juu ya boneti, pale pale kwenye Ziwa Nyasa.

"Chukua tu, bosi. Sikasiriki kwa kidude. Nilizaliwa chini ya mlima huu wewe bado uko Machame, ningekwambia hakuna barabara pale. Watu wote wa nchi hii nimewauliza njia, na wamenijibu. Wewe miaka kumi na minane hujawahi kuniuliza mimi."

Walioshika majembe waliacha kulima. Nilitafuta neno la kumshinda, na mnajua huwa silikosi. Nililikosa. Jua lilikuwa linanipiga kisogoni na funguo zinameta.

Nikasema, "Elibariki, nakuuliza. Utabaki?"

Akawageukia wale watu. "Jamani, bosi wangu ananiuliza kama nibaki. Mimi naona ni mtu mzuri, hana majivuno."

Walikuja wote. Mmoja akasema hapana, mtu mzuri gani anaingia bomani kwa watu na lori. Mwingine akasema lakini amekula loshoro yote, mtu mbaya hali hivyo. Mama Anande aliacha jembe akaja na madai yake, moja baada ya jingine, kuanzia betri za redio. Mzee Loishiye alisema kidude kisionewe, kilifika kwake salama kabisa. Walinijadili mpaka kivuli cha tangi kikahama, na kila nilipofungua mdomo mtu alisema, "Subiri, Mangi, tunakuzungumza." Mwisho wakakubaliana: Elibariki abaki na funguo zake, na mimi, kwa kuwa nimeonekana sijui njia, nikae tingo, msaidizi wake, kwenye lori lake mwezi mzima nijifunze.

Olkeju mpaka Kaloleni

Fuso yangu niliiacha kwa Mama Anande, alihitaji ya kubebea maji, na sikuwa na pa kukatalia. Elibariki alikalia usukani, mimi upande wa kushoto. Barabara ya Namanga ni lami nzuri na njia naijua kama mfuko wangu, lakini tulipofika Oldonyo Sambu alipunguza mwendo, akaegesha pembeni ambapo wazee walikuwa wamekaa, akanipa ile karatasi ya Mbeya.

"Shuka, tingo. Kawaulize Arusha ni wapi."

Nikashuka nikaitandaza.